Matofali 120 na karatasi zake: sanaa ya miaka ya sabini iliuzwaje?

Februari 1976 magazeti ya London yalipata habari tamu kuliko za siasa. Jumba la sanaa la Tate, linaloendeshwa kwa kodi ya wananchi, lilikuwa limenunua matofali. Si picha ya matofali, bali matofali yenyewe, 120, ya aina ya kujengea tanuri, yamelazwa sakafuni kwa tabaka mbili, sita kwa kumi, bila saruji wala gundi. Aliyeyapanga ni Mmarekani Carl Andre, na kazi yenyewe aliiita Equivalent VIII. Tate ilikuwa imeinunua tangu 1972 bila mtu kushtuka, lakini sasa Uingereza ilikuwa inahangaika na mfumuko wa bei na subira za watu zilikuwa fupi. Wachora katuni walipata kazi. Mtu mmoja aliingia ukumbini akayamwagia matofali rangi ya buluu.

Hasira ilikuwa ile tunayoijua: hata mtoto wangu angeyapanga, hata saidia fundi wa mtaani. Hilo halinisumbui sana, maana saidia fundi hakuyapanga. Linalonisumbua ni hili. Andre alipoipanga kazi hii kwa mara ya kwanza New York mwaka 1966, alitumia matofali ya aina nyingine kabisa. Hakupata mnunuzi, akayarudisha alikoyanunua. Miaka mitatu baadaye alipotaka kuiunda tena, kiwanda cha matofali yale kilikuwa kimefungwa, akatafuta mengine. Kwa hiyo yale yaliyomwagiwa rangi London hayakuwa ya 1966 hata moja. Basi Tate ilinunua nini?

Fundo liko hapo. Ukilifungua, vituko vingi vya sanaa ya miaka ya sabini vinaanza kueleweka: mtu kujitolea kupigwa risasi, nyumba kupasuliwa katikati kwa msumeno, uzio wa kitambaa kukata mashamba hadi baharini, Mjerumani kujifungia chumbani na koyote, mbwa mwitu wa Marekani. Vikisimuliwa kimoja kimoja vinasikika kama wazimu. Kilichoviunganisha, kwa maoni yangu, ni kwamba wasanii wa kizazi kile walitaka sanaa ambayo tajiri hawezi kuibeba akaitundike sebuleni. Na kila walipoondoa kitu, mahali pake ilikuja kukaa karatasi. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufundishwa kwamba kiwanja ni kitu kimoja na hati ni kitu kingine, na kwamba vinaweza kutengana vibaya sana.

Ugomvi ulianza kabla ya muongo wenyewe. Tarehe 3 Januari 1969 mchongaji wa Kigiriki aliyejulikana kwa jina la Takis aliingia katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, akachukua sanamu yake mwenyewe, akatoka nayo hadi bustanini na kukataa kuondoka. Sanamu ilikuwa mali ya jumba kihalali, walishainunua. Takis alichodai ni kwamba hakuwa ameridhia ionyeshwe katika maonyesho yale. Yaani muuzaji alirudi kudai kwamba kuna kitu katika bidhaa ambacho hakuwahi kukiuza. Kutokana na tukio hilo likazaliwa kundi la Art Workers' Coalition, lililojumuisha wasanii, wahakiki na waandishi, wakidai sauti katika uendeshaji wa majumba, siku za kuingia bure, na nafasi kwa wanawake, Weusi na Wapuerto Riko ambao kuta zile hazikuwa zikiwaona. Vita ya Vietnam ilichochea moto huo. Wajumbe wa bodi za majumba walikuwa matajiri na wanasiasa walewale.

Hans Haacke, Mjerumani aliyehamia New York, aliligeuza jambo hilo kuwa kazi. Mwaka 1970, ndani ya MoMA, aliweka masanduku mawili ya kura yenye kuta za kuangaza ili kila mtu aone karatasi zikiongezeka. Swali: je, kukaa kimya kwa Gavana Rockefeller kuhusu sera ya Nixon katika Indochina ni sababu ya wewe kutompigia kura? Nelson Rockefeller alikuwa katika bodi ya jumba hilohilo, na mama yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Masanduku yalipojaa, "ndiyo" zilikuwa zaidi ya maradufu ya "hapana". Mwaka uliofuata Haacke alitaka kuonyesha katika jumba la Guggenheim picha 142 za majengo ya New York, mengi yake ya mitaa ya maskini, kila picha na maelezo yake: anwani, kampuni inayomiliki, rehani, makadirio ya kodi. Vyote alivitoa kwenye daftari za serikali ambazo raia yeyote angeweza kuzifungua. Vikisomwa pamoja, vilionyesha jinsi ukoo mmoja ulivyojificha nyuma ya utitiri wa makampuni. Mkurugenzi wa Guggenheim, Thomas Messer, aliyafuta maonyesho wiki chache kabla ya kufunguliwa, na msimamizi wake, Edward Fry, aliyemtetea Haacke hadharani akapoteza kazi. Kazi hiyo leo ni mali ya pamoja ya jumba la Whitney la New York na lile la MACBA la Barcelona, zilizoinunua kwa ubia mwaka 2007. Faili lililofukuzwa jumba moja likanunuliwa na mawili.

Ila kabla ya kufika kwenye manunuzi, tumtazame aliyeliweka jambo wazi kuliko wote, bila kelele. Oktoba 1968, katika galari ya Paula Cooper, mtaa wa Prince, New York, kwenye maonyesho ya kuchangia harakati za wanafunzi dhidi ya vita, Sol LeWitt alichora kwa penseli moja kwa moja ukutani. Maonyesho yalipokwisha, ukuta ukapakwa rangi nyeupe na mchoro ukapotea. Hakuna aliyelia. LeWitt alikuwa ameshaandika kwamba katika sanaa ya aina hii wazo ndilo mashine inayozalisha kazi, na mkono ni mfanyakazi tu. Hadi anafariki mwaka 2007 alikuwa na michoro ya ukutani zaidi ya 1,200, na mingi ilichorwa na wasaidizi. Ukinunua mmoja hupewi ukuta. Unapewa cheti chenye sahihi yake na mchoro wa maelekezo: mistari ya aina hii, umbali huu, rangi hizi. Ukihama nyumba, unapaka rangi ukuta wa zamani na kuuchora upya kwenye mpya. Ukiuza, unakabidhi cheti. Jirani yako akiuchora mchoro huohuo ukutani kwake kwa usahihi kuliko wako, chake si LeWitt. Chako ni LeWitt.

Hapo mantiki ya matofali inaonekana. Tate ilinunua haki ya kusema: mpangilio huu, hapa, ni kazi ya Andre. Saidia fundi anaweza kuyapanga yaleyale usiku mmoja akashinda kwa unyoofu, na bado hatakuwa nayo.

Sasa twende kwenye damu, maana ndiyo inayokumbukwa. Tarehe 19 Novemba 1971, katika ukumbi mdogo uitwao F Space huko Santa Ana, California, Chris Burden alisimama mbele ya ukuta na rafiki yake akampiga risasi ya bunduki ndogo kwenye mkono wa kushoto, akiwa umbali wa mita tano hivi. Mpango ulikuwa risasi ikwaruze ngozi, ikapenya. Mashahidi walikuwa wachache sana. Vietnam ilikuwa kwenye televisheni kila jioni, na mtu wa Marekani alikuwa amezoea kuona vijana wakipigwa risasi akiwa mezani anakula. Burden alitaka kujua ikoje bila kioo katikati. Ndivyo inavyoelezwa, na sitabisha. Ila angalia kilichobaki: picha chache nyeusi na nyeupe, filamu ya sekunde kadhaa, na maelezo mafupi makavu kama ripoti ya polisi, saa, aina ya risasi, umbali. Burden alikuwa makini mno na masalia hayo. Mwaka 1974 aliyakusanya picha na maelezo ya kazi zake za 1971 hadi 1973 katika jalada lililotolewa kwa idadi maalumu ya nakala. Mwaka huohuo alipopigiliwa misumari ya viganja juu ya gari la Volkswagen huko Venice, California, misumari nayo ilihifadhiwa. Ukiniuliza mimi, Burden anasifiwa kupita kiasi; ujasiri wa dakika moja ni rahisi kuliko unavyoonekana. Lakini kama mtunza kumbukumbu alikuwa hodari kuliko wote.

Marina Abramović, aliyezaliwa Belgrade, alifanya jambo gumu zaidi Napoli mwaka 1974. Aliweka vitu 72 mezani, akatangaza kwamba yeye mwenyewe ni kitu, na kwamba kwa saa sita watu wamtumie watakavyo na dhamana ni yake. Kulikuwa na ua la waridi, asali, mkasi, na bastola na risasi yake. Walianza kwa upole. Baadaye nguo zikakatwa, ngozi ikachanwa, bastola ikaelekezwa kwake na watazamaji wakagombana wao kwa wao. Tofauti na Burden, hapa anayejulikana vibaya mwishoni si msanii. Ni wewe uliyekuja kutazama.

Joseph Beuys, yule Mjerumani wa koyote, nitampitia haraka, ingawa mashabiki wake hawatanisamehe. Mei 1974 alitua New York, akaviringishwa katika blanketi la sufu nzito, akabebwa kwa gari la wagonjwa hadi galari ya René Block ili asiguse ardhi ya Marekani, akakaa siku kadhaa na mnyama yule, akarudishwa uwanja wa ndege vilevile. Nakala za Wall Street Journal zililetwa kila siku na koyote akazikojolea. Watu wengi wanaoizungumzia kazi hiyo hawakuwapo, wameona picha. Nazo ni nzuri sana, na nashuku uzuri huo umeibeba kazi kuliko Beuys mwenyewe. Kinachonichekesha kumhusu ni cha 1973: wanawake wa chama kimoja cha siasa waliokuwa na tafrija katika jumba la makumbusho la Leverkusen waliona beseni la kuogea limejaa bandeji na mafuta, wakalisugua vizuri ili waoshee glasi. Ilikuwa kazi ya Beuys. Mwenye mali alidai fidia mahakamani na akalipwa.

Mahakama, fidia, mwenye mali. Hizi ndizo lugha zilizokuwa zinaingia sebuleni kwa wasanii waliodhani wameikimbia biashara. Mhakiki Lucy Lippard, aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu kipindi cha 1966 hadi 1972, wakati kazi za sanaa zilikuwa zinayeyuka na kubaki mawazo, alikiri humohumo mwaka 1973 kwamba matumaini yalikuwa hewa: waliodhaniwa hawawezi kuuzika walikuwa wameshaanza kuuza kwa fedha nzuri.

Usiku wa tarehe 18 Oktoba 1973 ukaondoa shaka zote. Robert Scull, aliyetajirika kwa kumiliki teksi New York, alipiga mnada kazi 50 alizokuwa amezinunua kwa wasanii wakiwa bado wachanga na wenye shida. Nje, madereva wa teksi walikuwa wakimlalamikia. Ndani, mchoro wa Robert Rauschenberg uitwao Thaw, ambao Scull aliununua kwa dola 900 mwaka 1958, ulikwenda kwa dola 85,000. Jumla ya mnada ilipita dola milioni mbili. Rauschenberg hakupata hata senti ya nauli. Baada ya mnada alimsukuma Scull kifuani na kumwambia kwamba amekuwa akijiua na kazi ili yeye apate faida. Scull akajibu kwamba na yeye amemfanyia kazi Rauschenberg, kwa kuwa bei zake sasa zitapanda. La kuudhi ni kwamba Scull hakukosea.

Dawa ilikuwa tayari imeandikwa miaka miwili kabla. Seth Siegelaub, mfanyabiashara wa sanaa aliyeuza kazi zisizoonekana kuliko mtu yeyote, na mwanasheria Robert Projansky walitoa mwaka 1971 mkataba wa kurasa chache uliogawiwa bure: kila kazi inapouzwa tena kwa faida, msanii apate asilimia 15 ya ongezeko la bei, awe na haki ya kuiazima kwa maonyesho, na mnunuzi mpya afungwe na masharti hayohayo. Haacke aliutumia. Wengi hawakuthubutu, kwa sababu mnunuzi aliyeona karatasi ile alikwenda kununua kwa msanii asiye na karatasi. California ilipitisha sheria yake mwaka 1976 ya asilimia tano kwa msanii, na mahakama zikaja kuimaliza karibu yote miaka mingi baadaye. Siegelaub mwenyewe alihama Marekani mwaka 1972, akaachana na biashara ile, na baadaye akazama katika historia ya vitambaa.

Kuna waliogundua kwamba karatasi inaweza kufanyishwa kazi badala ya kukimbiwa. Christo na mkewe Jeanne-Claude walijenga mwaka 1976 huko kaskazini mwa San Francisco uzio wa nailoni nyeupe, kimo mita 5.5, urefu kilomita 39.4, ukipanda na kushuka vilima hadi kuzama baharini. Ulisimama siku 14. Kabla yake kulikuwa na miaka ya vikao vya hadhara, ripoti ya mazingira ya kurasa 450, na mazungumzo na familia 59 za wafugaji. Hawakupokea ufadhili, fedha zilitokana na kuuza michoro ya uzio ambao haujajengwa. Mnunuzi alipata mchoro, mchoro ukazaa uzio, na uzio ulipobomolewa wafugaji wakabaki na kitambaa, nguzo na nyaya. Sijui mradi mwingine wa sanaa uliomalizika na mifugo kufaidika.

Nchini Brazili, chini ya utawala wa kijeshi, hapakuwa na anasa ya kubishana kuhusu minada. Cildo Meireles mwaka 1970 alichukua chupa za Coca-Cola za kurudisha, akaziandika kwa herufi nyeupe ujumbe kama "Yankees Go Home", akazirudisha katika mzunguko. Chupa ikiwa tupu, maandishi hayaonekani vizuri. Kiwandani ikijazwa kinywaji cheusi, yanajitokeza. Sisi tuliotumwa dukani na kreti la chupa tupu tunaielewa kazi hii bila mwalimu: chupa haina mwenyewe, inapita tu. Alipiga mihuri ya maneno kwenye noti za benki pia, na baada ya mwandishi wa habari Vladimir Herzog kufa mikononi mwa wanajeshi Oktoba 1975, noti zilizunguka zikiuliza nani alimuua Herzog. Nani angeichana pesa yake ili kuficha swali? Leo Tate ina chupa tatu za Meireles, zimesimama kwenye kioo, na hazirudi dukani.

Anayenikaa moyoni zaidi katika muongo ule hakupigwa risasi. Mierle Laderman Ukeles alipata mtoto, akajikuta msanii asiye na muda wa sanaa kwa sababu ya nepi na vyombo, na mwaka 1969 akaandika ilani: usafi na utunzaji ndio sanaa yangu. Mwaka 1973 alipiga magoti akasugua ngazi za jumba la Wadsworth Atheneum huko Hartford, wageni wakizikanyaga na yeye akizisugua tena. Kuanzia 1979, kwa miezi 11, alizunguka wilaya zote za New York akiwashika mkono wazoa taka 8,500, mmoja mmoja, akimwambia kila mmoja asante kwa kuliweka jiji hai. Picha zipo, ramani zipo. Lakini kile kilichopita kati ya viganja viwili hakina cheti, na hadi leo hakuna aliyepata namna ya kukipiga mnada.

Projansky, yule mwanasheria wa mkataba, anatokea tena mwishoni mwa muongo mahali usipomtarajia. Septemba 1978 Tehching Hsieh, baharia wa Taiwan aliyetoroka melini mwaka 1974 na kuishi Marekani bila kibali, alijifungia katika kizimba cha mbao chumbani kwake New York kwa mwaka mzima. Hakuzungumza, hakusoma, hakuandika, hakusikiliza redio. Rafiki alimletea chakula na kutoa uchafu. Ili dunia iamini kwamba hakutoka, Projansky alikiwekea kizimba lakiri na kuthibitisha kisheria. Mtu asiye na karatasi moja ya kumruhusu kuwa nchini alikuwa na karatasi ya mwanasheria kuthibitisha kwamba hajatoka chumbani.

Nimemwacha Gordon Matta-Clark kwa makusudi. Alisomea usanifu majengo Cornell, akaishia kuyakata. Mwaka 1971 alishirikiana na Carol Goodden na wenzao kufungua mgahawa uitwao FOOD, SoHo, mtaa uliokuwa wa viwanda vilivyohamwa na wasanii kuhamia. Mwaka 1974 alipewa nyumba ya Englewood, New Jersey, iliyokuwa ikingoja kubomolewa, akaipasua katikati kwa msumeno toka juu hadi chini, akaipunguza msingi upande mmoja hadi nusu ya nyumba ikainama na mwanga ukashuka kama kabari. Miezi michache baadaye haikuwapo. Pembe nne za paa ziko makumbusho.

Lakini kazi yake ninayoirudia ni ya karatasi tupu. Kuanzia 1973 alikwenda kwenye minada ya jiji la New York na kununua mabaki ya upimaji: vipande 14 Queens na kimoja Staten Island, kwa dola 25 hadi 75 kila kimoja. Vilikuwa vichochoro vyembamba kati ya nyumba mbili, ukingo wa barabara, pembe ambayo mpima ardhi aliisahau. Vingine huwezi kuvifikia bila kuruka ukuta wa mtu. Alivipiga picha, akaviwekea ramani na hati zake. Agosti 1978 akafariki kwa saratani, akiwa na miaka 35. Kodi ya viwanja haikulipwa, na jiji likavichukua tena. Karatasi zilibaki sandukuni. Mwaka 1992 zikaunganishwa, hati, ramani na picha, zikawekwa kwenye fremu, na majumba makubwa yakazinunua. Guggenheim ina kipande kimoja. Inamiliki hati ya kiwanja cha Queens ambacho si chake, wala hakikuwa tena cha msanii.